Fomu ya Juni, Karo ya Januari

Kuna rai iliyokita mizizi katika kaunti za Kisii na Nyamira nchini Kenya hata ikawa haihojiwi tena: mtoto anayejijua huchagua mapema. Husikika kwenye mikutano ya wazazi, kwenye harambee, kanisani, hata kwenye foleni ya kupima majani chai. Mtoto ajaze fomu, ataje shule, ataje mkondo wa masomo, kisha asigeuke. Anayetaka kuona matokeo ndipo achague huonekana hana msimamo, na mzazi wake huhesabiwa kuwa hakumpanga mtoto.

Rai hiyo ndiyo iliyosimamia uchaguzi wa wanafunzi wa Gredi ya 9 mwaka wa 2025, kundi la kwanza la mtaala wa umilisi. Katikati ya mwaka, miezi kadhaa kabla ya mtihani wa KJSEA ulioanza mwishoni mwa Oktoba, watoto zaidi ya milioni 1.1 nchini walitakiwa kuchagua mkondo mmoja kati ya mitatu: STEM, Sayansi za Jamii, au Sanaa na Sayansi ya Michezo. Ndani ya mkondo huo walichagua michanganyiko mitatu ya masomo, na kwa michanganyiko hiyo wakaandika shule 12 za sekondari pevu, tisa za bweni na tatu za kutwa. Waziri wa Elimu Julius Ogamba alitangaza matokeo Desemba 11. Siku chache baadaye watoto wakajua wameitwa wapi. Januari 12, 2026 walitarajiwa kuwa Gredi ya 10, sanduku na godoro tayari, na karo imelipwa.

Wanaoutetea utaratibu huu wana hoja nne, na ni haki zisemwe kikamilifu kabla ya kujibiwa. Shabaha humfanya mtoto asome: aliyeandika Kisii School au Nyabururu mwezi Juni atajikaza kuliko ambaye hajaandika lolote. Fomu ni moja kwa wote: mtoto wa daktari wa mjini Kisii na mtoto wa mchuma majani wa Borabu hujaza kitu kilekile, na kompyuta haijui ukoo wa mtu. Uchaguzi wa mapema huziba mianya ya hongo, kwa kuwa baada ya matokeo kila mwenye jamaa ofisini angeanza kupiga simu. Na serikali haiwezi kupanga nafasi, walimu na maabara bila kujua mapema watoto wanataka nini.

Si hoja za kipuuzi. Kosa lao ni kwamba hakuna hata moja iliyowekwa kando ya kalenda ya nyumba ya kawaida ya Gusii, eneo la kaunti hizo mbili.

1. Anayechagua hajaonyeshwa bei

Mwezi Juni, nyumba inayoishi kwa majani chai haijui mwaka wake utaishaje. Mkulima wa KTDA, shirika la wakulima wadogo wa chai, hulipwa kiasi fulani kila mwezi kwa kilo alizopeleka, kisha husubiri malipo ya pili, yaani bonasi, ambayo huamuliwa baada ya mwaka wa hesabu kufungwa mwisho wa Juni na humfikia kama mwezi wa Oktoba. Kuanzia Kebirigo na Nyansiongo upande wa Nyamira hadi Ogembo, Kiamokama na Nyamache upande wa Kisii, bonasi ndiyo hulipa deni la duka, ndiyo hubadilisha mabati, ndiyo humpeleka mtoto bweni.

Mwaka huohuo wa 2025 bonasi ya viwanda vya magharibi mwa Bonde la Ufa, vya Kisii na Nyamira vikiwemo, ilishuka na kuachwa mbali na ile ya mashariki. Wakulima waliandamana. Nyumba iliyopeleka kilo 2,000 kwa mwaka hupoteza shilingi 20,000 bonasi ikipungua kwa shilingi 10 tu kwa kilo. Karo ya mwaka ya shule ya kitaifa ya bweni, kwa kiwango kilichotumika miaka mingi, ni shilingi 53,554. Kwa hiyo nyumba hiyo imepoteza zaidi ya thuluthi ya karo ya mtoto mmoja, na imeipoteza fomu ikiwa imeshajazwa na barua ikiwa haijafika.

Basari nazo haziwezi kutegemewa mwezi Juni. Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti alitoa waraka uliozizuia kaunti kutoa basari bila makubaliano na serikali kuu, suala likafika mahakamani, na wazazi wakabaki kusubiri majibu. Hazina ya maeneo bunge, NG-CDF, ambayo kwa wengi ndiyo kimbilio la mwisho, ilipata hukumu ya Mahakama Kuu mnamo Septemba 2024 kwamba ikome kufikia Juni 30, 2026. Mzazi aliyeandika shule tisa za bweni katikati ya 2025 alikuwa anaahidi pesa ambazo hata waliozoea kuzigawa hawakuwa na uhakika nazo.

Kisha kuna alama zenyewe. Nafasi ya sekondari pevu ilipimwa kwa mizani ya sehemu tatu: KJSEA asilimia 60, KPSEA ya Gredi ya 6 asilimia 20, na tathmini za shuleni asilimia 20. Fomu ilipojazwa, asilimia 60 ya kipimo hicho haikuwepo. Mtoto hakuwa na njia ya kujua kama hisabati yake ingembeba kwenye STEM au ingemwangusha. Mwalimu wake naye hakujua, maana huo ulikuwa mtihani wa kwanza wa aina yake na hapakuwa na matokeo ya miaka iliyopita ya kulinganisha. Mzazi anayelaumiwa kwa kutompanga mtoto hakupewa cha kupangia.

2. Shabaha haihitaji pingu

Hoja ya shabaha ndiyo inayopendwa zaidi, na ndani yake mna ukweli: mtoto mwenye lengo husoma. Lakini lengo na mkataba ni vitu viwili. Mtoto anaweza kubandika jina la Nyambaria au Sironga ukutani tangu Januari, akaamka alfajiri kila siku kwa ajili yake, na bado akaruhusiwa kuandika jina jingine matokeo yakitoka. Juhudi yake haipungui kwa sababu mlango uko wazi. Kinachopungua ni adhabu atakayopata kama alikosea.

Ushahidi wa jambo hili uko ndani ya mfumo wa Kenya wenyewe. Kwa miongo mingi, enzi za JAB, bodi iliyogawa nafasi za vyuo vikuu, mtahiniwa wa kidato cha nne alichagua kozi za chuo kikuu kabla ya kufanya KCSE. Aliandika udaktari au uhandisi kwa matumaini, na matokeo yalipokuja huenda kozi yenyewe ilikuwa imemponyoka. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 iliunda KUCCPS kuchukua nafasi ya JAB, na leo tovuti ya KUCCPS hufunguliwa matokeo yakiwa yametoka. Mwanafunzi anaijua gredi yake, anaona alama zake za kozi kati ya 48, anaona kozi hiyo mwaka uliotangulia ilikomea wapi, kisha anachagua. Matokeo ya KCSE ya 2024 yalitangazwa Januari 9, 2025, na watahiniwa 246,391 walipata C+ kwenda juu, kiwango cha kujiunga na chuo kikuu. Hakuna aliyewaambia hawana msimamo kwa kuwa walichagua wakiwa na matokeo mkononi.

Hapa ndipo utaratibu unapojipinga. Kijana wa miaka 18, aliyemaliza kidato cha nne, anaaminiwa kuwa hawezi kuchagua vyema bila kuona matokeo. Mtoto wa miaka 14 au 15 anaambiwa anaweza, tena anapaswa.

Watetezi hujibu kwamba hata watoto wa KCPE, mtihani wa zamani wa darasa la nane, walichagua shule kabla ya mtihani. Ni kweli. Lakini mtoto wa KCPE alichagua jengo tu. Masomo aliyapunguza mwishoni mwa kidato cha pili, akiwa shule ileile, mbele ya walimu waliomfundisha fizikia na historia kwa miaka miwili. Mtoto wa 2025 alichagua jengo na mkondo kwa pamoja. Akitaka kubadilisha mkondo na shule aliyoitwa haina mchanganyiko anaoutaka, ni lazima atafute shule nyingine, katikati ya muhula, na mara nyingi kaunti nyingine. Zamani aliyejikwaa alihama darasa. Sasa mzazi ananunua sare upya.

3. Fomu moja, watoto wasio sawa

Hoja kwamba kompyuta haijui ukoo wa mtu inahitaji kujibiwa kwa kuiangalia fomu yenyewe.

Kati ya shule tisa za bweni, tatu zilitakiwa kutoka kaunti ya mtoto na sita kutoka nje yake. Shule tatu za kutwa zilitoka kaunti ndogo yake. Kwa mtoto wa Nyamache, hiyo ina maana kwamba nusu ya orodha ilijazwa na shule ambazo yeye, mzazi wake, na pengine mwalimu wake hawajawahi kukanyaga. Zipo zenye maabara na zipo zenye chumba kilichoandikwa maabara. Zipo za nauli ya matatu moja, na zipo za safari ya siku nzima kwenda na siku nzima kurudi, mara tatu kwa mwaka. Fomu haikuyaeleza hayo. Iliomba majina tu.

Aliyekuwa na habari alikuwa na njia ya kujiokoa. Kwa mtoto wa Nyamira, Kisii ni kaunti nyingine, ingawa kutoka Nyamira mjini hadi Kisii mjini ni mwendo mfupi wa matatu. Mzazi aliyeisoma kanuni vizuri angeweza kuziandika Kisii School na Cardinal Otunga ya Mosocho kwenye nafasi za nje ya kaunti, mtoto akabaki karibu na nyumbani. Asiyeijua kanuni aliandika majina makubwa aliyoyasikia redioni siku ya matokeo ya KCSE. Kanuni ilikuwa moja, lakini ilimfaa mmoja na kumpotosha mwingine, na tofauti yao ilikuwa mtu wa kuwaelezea.

Na nani aliwaelezea? Shule binafsi za mjini zina uwezo wa kuketi na mzazi mmoja mmoja. Sekondari msingi za umma zilianza Januari 2023 ndani ya shule za msingi, na sehemu kubwa ya walimu wake waliingia kwa kandarasi za mafunzo, bila ajira ya kudumu. Mei 2024 walimu hao waligoma wakidai ajira hiyo. Mwalimu anayefundisha masomo matatu au manne, ambayo mengine hakuyasomea, hawezi kutarajiwa kuwa pia mshauri wa shule 12 kwa kila mtoto.

Uchaguzi wa mapema kumfaa zaidi mwenye habari na pesa si jambo geni duniani, na Wagusii wana jamaa wengi mahali ambapo limejadiliwa kwa miaka. Brooklyn Park na Brooklyn Center, vitongoji vya Minneapolis, ni makao ya familia nyingi zilizotoka Kisii na Nyamira. Watoto wao wanapoomba nafasi katika vyuo teule vya Marekani hukutana na njia mbili za mapema. Moja humfunga mwombaji: anaomba chuo kimoja kwa njia hiyo, kwa kawaida kufikia Novemba 1, na akikubaliwa Desemba anatakiwa ajiunge na kufuta maombi mengine, isipokuwa akionyesha kwamba msaada wa fedha aliopewa hautoshi. Nyingine haimfungi: anaomba mapema, anajibiwa mapema, na ana hadi Mei 1 kulinganisha vyuo na gharama zake.

Mwaka wa 2003 Christopher Avery, Andrew Fairbanks na Richard Zeckhauser walichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba kuomba mapema kulimwongezea mwombaji uwezekano wa kukubaliwa kwa kiasi kinacholingana na alama kama 100 za mtihani wa SAT, na kwamba walioifaidi nafasi hiyo zaidi ni wa familia zenye pesa na washauri. Mwaka wa 2006 Harvard na Princeton zilitangaza kuachana na maombi ya mapema zikisema yanawaumiza wanafunzi wasio na uwezo. Ziliporejea mwaka wa 2011, Princeton, ambayo awali ilikuwa na njia ya kufunga, ilirudi na njia isiyofunga. Agosti 2025 wanafunzi waliwasilisha kesi katika mahakama ya shirikisho jimboni Massachusetts wakivishtaki vyuo 32 kwamba njia ya kufunga inapandisha gharama kwa kumnyima mwanafunzi nafasi ya kulinganisha.

Tofauti ya maana, kwa hiyo, haiko kati ya kuchagua mapema na kuchagua kwa kuchelewa. Iko kati ya chaguo la mapema linalomfunga mtu na lile linalomwachia nafasi ya kubadili nia. Huku Kisii na Nyamira, machaguo hayo mawili yametiwa kapu moja na kupewa jina la nidhamu.

4. Hongo

Hoja kwamba uchaguzi wa mapema huziba mianya ya hongo ni nyepesi kuliko inavyosikika. Simu za kuomba nafasi hupigwa wakati ambapo watoto wengi wameitwa shule wasizoweza kwenda na nafasi nyingi zimebaki wazi kwa sababu hiyohiyo. Utaratibu wa kufunga huzalisha yote mawili kwa pamoja, Januari, mbele ya mlango wa mwalimu mkuu. Mzazi ambaye mtoto wake ameitwa shule ya mbali asiyoimudu hana pengine pa kwenda isipokuwa mlango huo. Kama ni kupunguza majaribu, njia ya uhakika ni kupunguza idadi ya wazazi wanaolazimika kuufikia.

5. Mipango iliyopangwa mara mbili

Serikali ilisema inahitaji chaguo la Juni ili ipange. Wizara ilikuwa tayari na makadirio yake: asilimia 60 ya wanafunzi waende STEM, 25 Sayansi za Jamii, na 15 Sanaa na Sayansi ya Michezo. Ikiwa mgao huo ulikadiriwa kabla mtoto hajagusa fomu, basi madarasa na maabara zilikuwa na cha kupangiwa bila kumfunga mtu.

Kilichotokea Desemba ndicho kipimo cha mipango yenyewe. Baada ya nafasi kutangazwa, Wizara ililazimika kufungua dirisha la kuomba kubadilishiwa shule, katika wiki ya Krismasi, na maombi yaliyoingia yalizidi laki tatu. Kati ya watoto milioni 1.1, hiyo ni sawa na zaidi ya mtoto mmoja katika kila wanne. Kwa kiasi hicho hakuna awezaye kudai kwamba hao ni watoto wachache wasiojijua. Chaguo la Juni lilikuwa limeshindwa kazi iliyolileta, na kazi hiyo ikarudiwa upya, kwa haraka, wakati ofisi nyingi zimefungwa na wazazi wamekwisha kutumia bonasi.

Mtu wa mjini hulipitia dirisha kama hilo kwenye simu yake. Mzazi wa kijijini hupanda boda hadi saiba, hulipia, hurudi kesho kwa kuwa mtandao umekwama, na kama ombi limekataliwa hurudi tena. Gharama hizo haziingii kwenye hesabu ya Wizara wala kwenye mzani wa 60, 20 na 20. Zinaingia kwenye hesabu ya mtu anayeuza ndizi ili apate nauli.

6. Hata chuo kikuu hakijamaliza kazi

KUCCPS imetatua nusu ya tatizo. Mwanafunzi anachagua akijua alama zake, lakini bado hajui atalipa nini. Mfumo wa ufadhili uliotangazwa na Rais William Ruto Mei 2023 humweka mwanafunzi katika moja ya makundi matano kulingana na hali ya nyumbani kwao, na kundi hilo huamua ufadhili, mkopo wa HELB na sehemu ya mzazi. Kwa utaratibu huo mwanafunzi hupangiwa kozi kwanza, ndipo huomba ufadhili, ndipo hujua kundi lake. Desemba 20, 2024 Mahakama Kuu ilisema mfumo huo unakiuka Katiba, kisha mwaka wa 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo. Mwaka huohuo, wanafunzi wakiwa wameshapangiwa vyuo, serikali ilitangaza kupunguza karo za vyuo vikuu vya umma kwa kati ya asilimia 15 na 40. Ahueni hiyo ilikuwa na maana kubwa kwa mzazi, lakini kijana wa Gucha aliyeikwepa kozi aliyoitaka kwa kuogopa karo alikuwa amekwisha kuchagua nyingine.

Kwa hiyo wanaosema chuo kikuu kimeonyesha njia wasikomee hapo. Kilichoonyeshwa ni kwamba inawezekana kungoja alama. Kungoja bei bado kunahitajika, sekondari na chuoni.

7. Kinachowezekana

Kati ya Desemba 11, 2025 matokeo yalipotangazwa na Januari 12, 2026 wanafunzi walipotakiwa kuripoti, kulikuwa na siku 32. Wiki mbili za mwanzo zingetosha kufungua fomu kwa kila mtoto akiwa na alama zake mbele yake. Kompyuta ingepanga nafasi wiki ya tatu, na wiki ya nne ingebaki kwa rufaa chache za kweli. Chaguo la Juni linaweza kubaki, kwa sababu lina faida yake kwa mtoto na kwa wapangaji, ila libaki kuwa pendekezo linalofutika. Watoto wasiogusa chochote Desemba wahesabiwe kuwa wamelithibitisha, wasipate hasara kwa kutopata mtandao.

Na fomu ibadilike. Kando ya kila shule paandikwe karo ya mwaka, michanganyiko ya masomo inayofundishwa na walimu waliopo sasa, idadi ya maabara zinazotumika, na kaunti ndogo ilipo. Ofisi za elimu za Kisii na Nyamira zinazo taarifa hizi kwa shule zao. Kwa shule sita za nje, Wizara ndiyo iliyoweka sharti la kuziandika, kwa hiyo Wizara ndiyo inayopaswa kumpa mzazi wa Nyamache taarifa zake zilizochapishwa, kwa Kiswahili na Ekegusii, ndani ya shule ya mtoto wake, kabla ya kumwomba aandike jina lolote.